Kupona, Kuponea na Ahueni: Uhakiki wa Usemi wa Hofu ya Kurudiwa na Saratani, kutoka kwa Sontag na Lorde hadi Mulago

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna hofu ya kurudiwa na saratani inavyosemwa, au inavyonyamaziwa, katika vitabu viwili vya Marekani vilivyofungua uwanja huu: Illness as Metaphor cha Susan Sontag (1978) na The Cancer Journals cha Audre Lorde (1980). Vitabu hivyo vinasomwa upya kwa kuzingatia historia ya tiba ya saratani nchini Uganda na Rwanda. Hoja inayoendelezwa ni kwamba hofu hii si upungufu wa imani wala ulegevu wa moyo. Ni usomaji makini wa hali ambayo neno kupona, kama linavyotumiwa hospitalini, huificha. Kiswahili kina maneno yanayoweza kuisema hali hiyo, lakini fomu, hojaji na kadi za kliniki bado hazijayatumia.

Utangulizi

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa mtazamo wa haraka, methali hii imekwisha kueleza yote yanayohitaji kuelezwa kuhusu mtu aliyemaliza matibabu ya saratani, ambaye kila maumivu ya mgongo humkosesha usingizi. Hata hivyo, methali inasimama juu ya sharti moja lisilotajwa. Msikilizaji anajua jambo asilolijua aliyetafunwa: kwamba ung'ongo ni ung'ongo tu. Ndiyo maana methali ina chembe ya kicheko, hata kama ni kicheko cha huruma. Kwa aliyetibiwa saratani, msikilizaji wa namna hiyo hayupo. Jamaa hajui, muuguzi hajui, na daktari bingwa mwenye picha mkononi anaweza kusema tu kwamba leo hajaona kitu. Huenda ni ung'ongo, na huenda ni nyoka.

Tafiti za nchi zilizoendelea kiviwanda zimeipa hali hii jina la kitaalamu, na tangu mwaka 2016 kuna fasili iliyokubaliwa na kundi la wataalamu wa kimataifa, inayoitaja kuwa hofu au wasiwasi kuhusu uwezekano wa saratani kurudi au kuendelea. Katika tafiti hizo, hili ni mojawapo ya mahitaji yanayotajwa sana na waliotibiwa kuwa hayakushughulikiwa. Katika mijadala ya sera za afya ya ukanda wetu jambo hili hutajwa kwa nadra, na linapotajwa huwekwa chini ya kichwa cha ushauri nasaha, baada ya dawa, mashine na vitanda. Mpangilio huo una mantiki yake mahali ambapo wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Kosa lake ni kudhani kwamba hofu huanza pale mashine zinapokwisha kufanya kazi yake. Itaonekana hapa chini kwamba hofu na mashine ni habari moja.

Kitenzi chenye matawi mawili

Kitenzi pona kina matawi mawili. Mtu hupona homa, na mtu huponea chupuchupu ajalini. Katika tawi la kwanza ugonjwa umekwisha. Katika tawi la pili hatari imempita mtu bila yenyewe kwisha: basi lililomkosa bado liko barabarani. Ukoo wa neno hili una pia kuponyoka, yaani kuchopoka mkononi mwa aliyekushika, na anayeponyoka hutazama nyuma. Usemi wa hospitali umechukua tawi la kwanza peke yake. "Umepona" hutamkwa siku ya kumaliza dawa, kwa nia njema kabisa, na papo hapo mgonjwa hugeuzwa kuwa mtu asiye na sababu ya kuogopa.

Neno manusura lina uaminifu zaidi. Mzizi wake unaonekana katika matumizi ya kila siku: nusura aanguke, nusura afe. Ndani ya manusura kuna tukio ambalo lilibaki kidogo litokee. Kinyume chake ni neno shujaa, ambalo kampeni za uhamasishaji zimelipendelea. Shujaa amekwisha shinda. Shujaa anayelala macho wiki nzima kabla ya kipimo hana pa kwenda kusema hivyo, maana atakuwa amejivua cheo alichovishwa mbele ya watu. Ni vigumu kulipinga neno hili hadharani kwa sababu limekuja kwa heshima, na pengine ndiyo maana halijahakikiwa ipasavyo.

Kitenzi cha tatu ni rudi. Kiswahili hakisemi tu kwamba ugonjwa umerudi, husema umemrudia. Kauli ya kutendea humweka mtu kuwa ndiye anayerudiwa, kana kwamba ugonjwa uliondoka, ukakumbuka, ukamfuata yeye. Sayansi haisemi hivyo. Saratani inayoonekana kwenye ini miaka kadhaa baada ya titi kuondolewa haikutoka mwilini ikaingia tena; ni seli zilizobaki humo bila kuonekana. Lugha na biolojia zinapishana hapa, na mgonjwa hubaki katikati akijiuliza amefanya nini hata ukamrudia. Swali hilo la lawama lina mlango wake katika sarufi. Jina lenyewe la ugonjwa lina picha iliyo karibu zaidi na ukweli: saratani katika Kiarabu ni kaa, kama ilivyo karkinos ya waganga wa Kiyunani. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kaa hufanya nini maji yanapokupwa.

Inafaa kulinganisha na UKIMWI. Fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa juu ya ugonjwa huo, Ua la Faraja ya William Mkufya (2004) ikiwa mfano mmoja, ilikua sambamba na usemi mpya wa umma: watu waishio na virusi, kuishi kwa matumaini. Kiunganishi na kilifanya kazi kubwa ya kisiasa. Kilimruhusu mtu kuwa mgonjwa na raia kwa wakati mmoja. Saratani haikupata kiunganishi chake. Kusema kwamba aliyemaliza matibabu anaishi na saratani si sahihi, maana huenda hana, na kusema kwamba amepona huenda pia si sahihi. Anaishi na swali.

Sontag: kitabu kisicho na nafsi ya kwanza

Sontag aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti mwaka 1975. Kitabu alichochapisha miaka mitatu baadaye hakimtaji mgonjwa huyo hata mara moja. Hoja yake inajulikana: kifua kikuu katika karne ya 19 na saratani katika karne ya 20 vilirundikiwa sitiari zinazomdhuru mgonjwa, kama vile sitiari za vita, uvamizi na hulka iliyojifungia hisia, na njia yenye afya ya kuugua ni kuzivua sitiari hizo. Kwa yeyote aliyewahi kusikia mgonjwa akiambiwa kwamba saratani yake imetokana na kinyongo alichoficha moyoni, kitabu hiki bado kina deni la shukrani.

Lakini kina pengo, na pengo hilo liko katika wakati wa kisarufi. Sontag anahakiki namna watu wanavyoupata ugonjwa na namna wanavyokufa nao. Kipindi cha katikati, cha kungoja, hakimo. Sitiari yake maarufu ya ufunguzi (naye aliyekataa sitiari alianza kwa sitiari) ni ya uraia wa falme mbili, ya wazima na ya wagonjwa, ambapo kila mtu hulazimika siku moja kutumia pasipoti ile asiyoipenda. Falme mbili zinahitaji mpaka, na mpaka unahitaji kuvukwa. Aliyetibiwa anaishi wapi? Arthur Frank, mwanasosholojia aliyepata mshtuko wa moyo na kisha saratani akiwa hajavuka sana umri wa miaka 40, alijibu katika kitabu cha 1991, na tena kwa upana zaidi mwaka 1995, kwamba kuna jamii nzima ya walio katika nafuu ya muda, wanaoishi katika falme zote mbili bila kuwa raia kamili wa yoyote.

Msomaji wa Busia, Mutukula au Gatuna anaweza kuendelea mbele zaidi ya Frank. Kwake mpaka si mstari unaovukwa mara moja maishani. Ni soko, ni shamba la mjomba, ni shule ya mtoto. Tena ni kitu ambacho kufunguliwa kwake huamuliwa na wengine: mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 2022, na waliokuwa wakiishi kwa kuuvuka hawakuulizwa. Mtu anayeishi hivyo hahitaji kufundishwa falsafa ya ahueni. Anajua maana ya kupita leo bila kuwa na hakika ya kesho, na anajua pia kwamba hali hiyo haimzuii kulima.

Maisha ya Sontag mwenyewe yaliandika sura ambayo kitabu chake kiliiacha. Katika AIDS and Its Metaphors (1989) alikiri waziwazi kwamba aliandika kile cha kwanza akiwa mgonjwa. Mwaka 1998 alipata saratani nyingine, na mwaka 2004 akafariki kwa saratani ya damu. Mwanawe, David Rieff, alieleza katika kitabu cha 2008 jinsi mama yake alivyokataa hadi mwisho kuzungumza juu ya uwezekano wa kufa. Kumhukumu kwa hilo kungekuwa ukatili. Inatosha kuona kwamba mwandishi aliyewapa wengine silaha ya kuikabili lugha ya saratani hakuwa ameacha neno la kutumia pale ugonjwa unaporudi.

Lorde: shajara kama umbo la kutojua

Lorde alianzia mahali tofauti. Desemba 1977, katika mkutano wa wasomi wa lugha na fasihi huko Chicago, alizungumza juu ya kugeuza ukimya kuwa lugha na tendo, muda mfupi baada ya majuma matatu ya kungoja majibu ya uvimbe ambao haukuwa saratani. Mwaka uliofuata titi lake la kulia liliondolewa kwa saratani. Hotuba ile ndiyo sura ya kwanza ya The Cancer Journals. Maana yake ni kwamba katika mpangilio wa kitabu hofu inatangulia ugonjwa. Haitokani na ugonjwa kama moshi unavyotokana na moto. Ni namna ya kujua.

Sehemu nzito zaidi ya kitabu ni ile ya titi bandia. Siku chache baada ya upasuaji, mjitoleaji mmoja mwenye huruma alimletea Lorde kifurushi chenye titi la sufu la rangi ya waridi iliyofifia, rangi isiyokaribiana hata kidogo na ngozi ya mwanamke Mweusi. Baadaye, alipokwenda kwa daktari bila kulivaa, muuguzi alimwambia kwamba kutolivaa kunashusha ari ya wagonjwa wengine. Wahakiki wengi wamesoma tukio hili kama suala la urembo, jinsia na rangi, na wako sahihi. Ila kuna hoja nyingine iliyofunikwa na hizo, nayo ndiyo inayohusu makala haya. Kwa Lorde, titi bandia huahidi kwamba hakuna kilichobadilika. Mtu ambaye hakuna kilichobadilika kwake hana cha kujiandalia. Bandia hiyo, basi, humnyima mwanamke nafasi ya kujipanga kwa ajili ya uwezekano wa ugonjwa kurudi. Kwa tafsiri hii, "umepona" ni titi bandia la maneno. Limetolewa kwa huruma, linawafariji zaidi wanaotazama, na rangi yake si ya mwenye mwili.

Umbo la shajara linastahili kutazamwa. Shajara haijui mwisho wake. Mwandishi wa kumbukumbu huandika akiwa amefika ng'ambo na hupanga matukio kuelekea huko. Mwandishi wa shajara huandika Jumanne bila kuiona Ijumaa. Ugonjwa ulipoonekana kwenye ini lake mapema mwaka 1984, Lorde hakubadilisha umbo. A Burst of Light (1988) inaendelea kwa tarehe: alikataa kuchukuliwa kipande cha ini kwa uchunguzi, akaenda Berlin kufundisha kama alivyokuwa amepanga, akaandika. Aliishi hadi Novemba 1992.

Mahali anapoweza kupingwa ni pale hofu inapogeuzwa haraka mno kuwa nishati ya mapambano. Kila anapoogopa, karibu kila mara kuna kazi inayongoja: ubaguzi wa rangi Marekani, mauaji ya Afrika Kusini, wanawake wanaomtegemea. Kuna wagonjwa ambao hofu yao haizai chochote. Inachosha tu. Mama anayehesabu kama akiba itatosha ada ya muhula huku akipapasa kwapa lake usiku hadaiwi na mtu yeyote kuigeuza hofu hiyo kuwa tendo. Lorde angekubali, pengine, lakini kitabu chake hakimwachii mama huyo nafasi kubwa.

Mulago na Butaro: kurudi kama safari

Historia ya saratani katika ukanda huu ina ufahamu wake juu ya kurudi, na ufahamu huo haukuagizwa kutoka nje. Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda mwaka 1958, na mwaka 1967 kikaanzishwa Mulago kituo cha kutibu limfoma kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto walipona kwa dawa kwa namna iliyoushangaza ulimwengu, kisha baadhi yao wakarudiwa. Kilichojitokeza katika miaka ya utafiti huo ni kwamba kurudi hakukuwa kitu kimoja: waliorudiwa katika wiki za mwanzo walikuwa na hali ngumu, lakini waliorudiwa baada ya miezi kadhaa mara nyingi waliitikia tena dawa, karibu kama wagonjwa wapya. Kurudi kwa ugonjwa, kwa wengine wao, hakukuwa hukumu. Ni ajabu kwamba maarifa haya, yaliyozaliwa Kampala, hayajaacha alama yoyote katika lugha ambayo wagonjwa wa Afrika Mashariki huambiwa habari za kurudi.

Kwa maarifa hayo kuwa na faida, mtoto alipaswa kufika tena hospitalini. Hapa ndipo hofu inapopata sura ambayo haimo kwa Sontag wala kwa Lorde. Marissa Mika, katika Africanizing Oncology (2021), ameandika historia ya taasisi hii kupitia machafuko ya kisiasa, kuondoka kwa wafadhili na ubunifu wa wafanyakazi waliobaki. Julie Livingston alikuwa amefanya jambo linalofanana na hilo kwa wodi ya saratani ya Gaborone katika Improvising Medicine (2012), akisisitiza kwamba saratani ni jambo linalotokea baina ya watu. Vitabu vyote viwili vinaonyesha kwamba hapa mgonjwa hausomi mwili wake peke yake. Husoma pia jengo.

Mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Mulago tangu 1995, iliharibika kabisa mwaka 2016, na mpya haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa Julai 2012 bila mashine ya mionzi, kilikuwa kikiwapeleka wagonjwa wake Kampala. Baada ya mashine kufa ilibidi wapelekwe Nairobi. Rwanda ilipata mionzi yake Kigali mwaka 2019. Kwa mwanamke aliyemaliza mionzi Mulago mwaka 2015, swali la mwaka uliofuata halikuwa tu kama ugonjwa utarudi. Lilikuwa pia kama kutakuwa na mahali pa yeye kurudi.

Pingamizi moja lazima lijibiwe hapa. Tafiti za saikolojia zinaonyesha kwamba ukubwa wa hofu hauendi sambamba sana na ukubwa wa hatari halisi. Vijana huogopa zaidi ya wazee, na mwenye nafasi nzuri ya kupona anaweza kuogopa kuliko mwenye nafasi finyu. Je, hofu inawezaje basi kuitwa usomaji makini? Jibu ni kwamba kinachosomwa si asilimia. Kinachosomwa ni kile ambacho mtu atapoteza, nani atabaki na watoto, na kama njia ya tiba bado iko wazi. Hojaji isiyouliza juu ya nauli na mashine itauona usomaji huo kuwa ni wasiwasi uliopitiliza.

Hojaji, kadi na neno wasiwasi

Hojaji inayotumiwa sana kupima hofu hii ilitungwa Quebec kwa Kifaransa na ina vipengele 42. Tiba ya kisaikolojia iliyofanyiwa majaribio Australia, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017, ilipunguza hofu hiyo kuliko mafunzo ya kutuliza mwili. Itakapofika siku ya kuleta nyenzo hizi kwa Kiswahili, na baada ya uamuzi wa baraza la mawaziri la Uganda wa Julai 2022 kukifanya Kiswahili lugha rasmi siku hiyo haiko mbali, mfasiri atakutana na tatizo ambalo kamusi haitamaliza. Hofu, woga, wasiwasi na shaka si visawe. Woga ni tabia. Anayekiri woga amejishusha. Wasiwasi, kwa Waislamu wengi wa ukanda huu, bado una mnong'ono wa shetani ndani yake, na kumuuliza mgonjwa ana wasiwasi mara ngapi kwa wiki ni kumuuliza imani yake imetetereka mara ngapi. Shaka iko karibu zaidi na hali yenyewe, kwa kuwa ni jambo la kutojua, na wingi wake, mashaka, umebeba taabu bila kumlaumu mtu. Mgonjwa kutoka Bukavu au Bujumbura anayefika Kampala, ambaye Kiswahili ndiyo lugha pekee anayoshirikiana na muuguzi wake, atajibu kulingana na neno alilopewa. Mtafiti atadhani amepima hofu, kumbe amepima aibu.

Kwa hali ya katikati neno lipo tayari: ahueni. Mtu hupata ahueni. Hapewi cheti cha ahueni. Neno hilo halidai kwamba ugonjwa umekwisha wala halitishi kwamba utarudi, na jirani akilisikia hajui kushangilia wala kulia, hukaa akauliza habari zaidi. Kinachopendekezwa kwa wizara za afya na kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ni kidogo na cha gharama ndogo: istilahi za hali baada ya tiba zisanifiwe pamoja na wagonjwa wenyewe kabla ya hojaji yoyote kutafsiriwa, na kadi ya kliniki iandikwe upya. Kadi nyingi zina mstari wa tarehe ya kurudi. Mistari mingine mitatu ingetosha: dalili zipi zimlete mgonjwa kabla ya tarehe hiyo, aende kituo gani ikiwa mashine ya hospitali yake haifanyi kazi, na nauli yake italipwa na nani.